Kula kwa Utulivu: Mwongozo Kamili kwa Waliojaribu Wakakwama

Karibu kila anayeniambia ameshindwa kula kwa utulivu hunisimulia kisa kilekile. Aliamua kuanza Jumatatu. Jioni akakaa mezani na familia, akahesabu ametafuna kila tonge mara ngapi, akajizuia kuongea, akajizuia kuongeza. Watoto wakamtazama kama mgonjwa. Jumatano alikuwa amechoka, Alhamisi akarudi kula huku anaperuzi simu, na sasa anaamini jambo hili halimfai.

Linamfaa. Alianzia pagumu, basi. Mlo wa jioni, njaa imekwangua tangu saa tisa, taarifa ya habari inasomwa, kila mtu ana la kusimulia: huo ndio mlo mgumu kuliko yote. Mwongozo huu unaanzia chini kabisa, kwenye ndizi moja, kisha matonge matatu, na mlo wa jioni unakuja mwishoni.

Kula kwa utulivu ni kula ukiwa upo. Unajua una njaa kiasi gani kabla ya kuanza, unasikia ladha ya unachotafuna, na unatambua shibe inapofika badala ya kushtukia imepita. Kula polepole ni sehemu tu ya jambo hilo. Naandika nikiwa Moshi, kwa hiyo mifano yangu ni ya vyakula vya huku. Wewe weka vya kwenu.

## Mahitaji

- Ndizi kisukari moja iliyoiva vizuri. Ukienda Mbuyuni au Kiboriloni nunua chane, nyingine wape watoto.
- Daftari dogo na kalamu. Usiandikie kwenye simu, kwa sababu simu ndiyo tunayotaka ikae mbali.
- Sahani yako ya kila siku. Usinunue ndogo, hatupunguzi chakula kwa hila.
- Kijiko cha chai, kwa ajili ya mtori na uji.
- Mahali pa kukaa: kiti, kigoda au mkeka, ilimradi usile umesimama.
- Mahali pa kuweka simu ambapo mkono haufiki. Juu ya kabati la chumbani panafaa kuliko mfukoni.
- Wiki nne.

## Soma hapa kabla hujaanza

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usibadili muda wa kula kwa sababu ya mwongozo huu. Kula kwa saa ulizopangiwa, na mazoezi ya kutafuna na kuonja fanya ndani ya saa hizo. Mwenye vidonda vya tumbo asikae akisubiri njaa impande. Mjamzito na anayenyonyesha vilevile.

Na kama umewahi kujinyima chakula mpaka ukadhoofika, au kula sana kisha ukajitapisha, zungumza kwanza na daktari au mshauri. Kukitazama chakula kwa karibu hivi kunaweza kukuamshia yale uliyoyaacha.

## Hatua ya 1: Andika siku tatu bila kubadili chochote

Kwa siku tatu kula kama ulivyozoea. Kila ukimaliza, andika mambo manne: saa ngapi, ulikuwa wapi, njaa ilikuwaje kabla ya kuanza, na macho yako yalikuwa kwenye nini. Chai na maandazi ya njiani ni mlo. Karanga za kwenye karatasi ni mlo. Kipande cha muwa kadhalika.

Tunaandika kwa sababu watu wengi hukosea kukisia wanakula wapi bila kujua. Mama mmoja aliniambia shida yake ni chakula cha usiku. Daftari likaonyesha usiku anakula vizuri kabisa. Kilichokuwa kikimpita ni anachoonja jikoni akipika, na anachomalizia kwenye sahani za watoto akiziondoa mezani. Kwangu ilikuwa Hiace ya Himo. Nilinunua maandazi mawili stendi, na niliposhuka nilishika karatasi tupu. La kwanza nalikumbuka. La pili sikuwa nalikumbuka hata kidogo.

Onyo: Usiandike kiasi, usihesabu kalori, na usiweke alama ya "nimekosea". Daftari likigeuka hakimu, siku ya pili utaanza kulidanganya.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja ni mlo gani unaokupita. Usiuguse bado.

## Hatua ya 2: Zoezi la ndizi kisukari

Marekani zoezi hili hufundishwa kwa zabibu kavu moja. Mimi natumia ndizi kisukari, kwa sababu kila mtu hapa anadhani anaijua.

Chagua wakati ambao hutaitwa. Dakika kumi zinatosha. Nawa mikono, kaa, weka ndizi mbele yako.

Kwanza itazame. Ganda lina madoa meusi mangapi, na rangi inabadilika wapi kati ya kikonyo na ncha? Ishike usikie uzito wake. Imenye polepole na usikilize. Ganda la ndizi iliyoiva lina sauti, ndogo sana, na watu wengi hushangaa kugundua kwamba hawajawahi kuisikia. Nyuzi zilizobaki zitoe moja moja.

Sasa inuse bila kuila. Mate yatajaa mdomoni. Hapo mwili umeshaanza kazi ya kusaga chakula kabla hujakipeleka mdomoni, na hicho ni kitu cha kukitambua.

Bana pua kwa vidole viwili, uma kipande kidogo, tafuna mara nne au tano. Utasikia utamu na ulaini, lakini ule undizi wenyewe haupo. Kisha achia pua ukiwa bado unatafuna. Ladha inarudi ghafla, kana kwamba mtu amewasha taa. Ulimi peke yake hutambua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda nyuma ya koo kwenda puani. Ndiyo maana ukiwa na mafua makali hata mtori wa mama haukuambii kitu, na ndiyo maana anayefakamia hupoteza sehemu kubwa ya chakula alichokilipia: anameza kabla harufu haijapanda.

Vipande vilivyobaki kula bila kubana pua. Kila kimoja kimeze kabisa kabla ya kuuma kingine.

Onyo: Akili itatoroka. Utajikuta unafikiria ada ya shule au ujumbe ambao hujajibu. Hilo si kosa, ni kawaida ya akili. Ukigundua imeondoka, irudishe kwenye kilichopo mdomoni, hata mara ishirini. Huko kuirudisha ndiko zoezi lenyewe.

Utajua umefanikiwa ukigundua jambo moja ambalo hukuwahi kuligundua kwenye ndizi. Moja tu. Rudia siku mbili au tatu kwa vitu vingine: karanga iliyokaangwa, kipande cha parachichi, mnafu uliopikwa bila kuungwa. Mnafu ni mwalimu mzuri, maana uchungu wake huja nyuma, baada ya ladha nyingine zote kupita.

## Hatua ya 3: Pima njaa kabla ya kuketi

Jiulize: njaa yangu ni namba ngapi, kutoka 1 hadi 10? Tumia vipimo vya kwetu.

Namba 1 unatetemeka na unafokea watu. Namba 3 tumbo linanguruma, na hata ugali kwa mchicha usioungwa unautamani. Namba 5 huna njaa, huna shibe. Namba 7 umeshiba na unaweza kutembea kutoka Majengo hadi stendi kuu bila kulemewa. Namba 10 umelegeza mkanda na unatafuta pa kulala.

Jitahidi kuanza kula ukiwa kwenye 3 au 4. Ukisubiri ufike 1, hakuna utulivu utakaowezekana. Tumbo tupu hutoa homoni ya njaa inayoitwa ghrelini, na inapopanda sana mtu hafikirii ladha, anafikiria kujaza. Wengi walioshindwa wakati wa jioni wangefaulu kama wangekula ndizi au kunywa maziwa mgando kikombe kimoja saa kumi.

Kazi nyingine ya kipimo hiki ni kutenganisha njaa na uchu. Njia ninayoiamini ni hii: jiulize, "Kama kungekuwa na makande ya jana tu, yamepoa, ningekula?" Ukijibu ndiyo, una njaa, kula. Ukijibu hapana, nataka chipsi mayai za pale kona, huo ni uchu. Nyuma yake mara nyingi kuna kitu kingine: uchovu, upweke, hasira za kazini, kiu. Au baridi. Mwezi wa sita na wa saba, Moshi na Arusha zikiwa zimefunikwa na mawingu kutwa, mkono huenda kwenye chapati na chai mara nyingi kuliko tumbo linavyoomba. Kinachotafutwa pale ni joto.

Uchu si dhambi. Unaweza kuutambua na bado ukala chipsi zako, ukazisikia vizuri. Tunachotaka ni ujue unakula kwa sababu gani.

Utajua umefanikiwa pale namba itakapokujia yenyewe ukiwa unanawa mikono.

## Hatua ya 4: Matonge matatu ya kwanza

Hapa ndipo kiini cha mwongozo wote. Ukifuata hatua hii peke yake na ukaziacha nyingine, bado utakuwa umepata kitu.

Chagua mlo mmoja kwa siku, ulio mwepesi kuusimamia. Kwa wengi ni chai ya asubuhi. Katika mlo huo, kula matonge matatu ya kwanza kwa umakini ule ule wa ndizi. Baada ya hapo kula upendavyo. Ongea, cheka, sikiliza redio. Huna deni tena.

Kwa nini matatu? Kwa sababu mtu mwenye familia na kazi hawezi kushika umakini kwa nusu saa, na akijilazimisha atachukia. Na ladha huwa kali mwanzoni. Kadiri unavyoendelea na chakula kilekile, ulimi unakizoea na raha yake inapungua. Matonge ya kwanza ndiyo yenye mengi, nayo ndiyo tunayoyafakamia.

Fanya hivi:

1. Peleka simu mahali pake kabla ya kunawa. Ukinawa kwanza utasema mikono imelowa, ukaiacha mezani.
2. Nawa. Usikie maji. Kunawa kuwe kengele yako kwamba kazi imesimama.
3. Kama unasali kabla ya kula, sali bila haraka. Mwenye kusema Bismillahi au kufanya ishara ya msalaba tayari ana mlango wa kuingilia, asitafute mwingine.
4. Vuta pumzi moja ndefu kwa pua, upate harufu ya mboga.
5. Mega tonge dogo. Lifinyange. Vidole vinasikia joto na uzito wa ugali kabla ya ulimi, na kwa hilo sisi tunaokula kwa mkono tuna bahati: tuna kiungo kimoja zaidi cha kuonjea.
6. Tonge la kwanza la ugali lile bila mboga. Tafuna mpaka lianze kuwa na utamu. Litakuwa, kwa sababu mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi kinachovunja wanga kuwa sukari hapo hapo mdomoni. Asiyewahi kusikia utamu wa ugali hajawahi kuutafuna.
7. La pili tia mchuzi. La tatu tia mboga ya majani au kipande cha nyama. Kila moja limezwe kabisa kabla mkono haujarudi kwenye sahani.

Ukila wali au makande kwa kijiko, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge. Tazama watu wanavyokula: mdomo bado unatafuna na kijiko kimeshajaa, kinasubiri hewani. Kukiweka chini kunavunja mnyororo huo bila kuhesabu chochote.

Onyo: Usihesabu mara za kutafuna. Anayehesabu anasikia namba, hasikii chakula. Na usiongeze matonge kuwa kumi kwa sababu siku ya pili imekwenda vizuri. Kaa kwenye matatu wiki nzima.

Kwa waliofunga Ramadhani, tende za kufuturia zinafaa sana kushika nafasi ya matonge haya. Tende moja, itafunwe mpaka kokwa libaki safi mdomoni, ndipo maji.

Utajua umefanikiwa siku utakayosahau kufanya kisha ukajikuta umefanya.

## Hatua ya 5: Simama katikati ya sahani

Wiki ya pili ya matonge matatu, ongeza kituo kimoja. Sahani ikifika nusu, ondoa mkono. Kunywa maji kidogo, egemea, jiulize namba yako sasa ni ngapi.

Tumbo halisemi "nimeshiba" papo hapo. Kuta zake zinapotanuka, neva hupeleka habari kwenye ubongo, na chakula kikifika kwenye utumbo mwembamba homoni nyingine huongeza ujumbe huo. Safari yote huchukua kama dakika 20. Mtu anayemaliza sahani ya wali kwa dakika saba huongeza sahani ya pili habari za ile ya kwanza zikiwa bado njiani. Huyo ndiye anayesema kila siku, "Sijui kwa nini navimbiwa."

Ukijikuta kwenye 7, unaweza kuacha. Ukiwa kwenye 5, endelea kwa amani.

### Mtori na ndugu zake

Mtori unahitaji maelezo yake, kwa sababu ndio unaowashinda watu wa Moshi. Mshare umepondwa, nyama imelainika, mchuzi umeshikamana. Hauna cha kutafuna. Unateleza, bakuli linaisha, na mdomo unahisi haujafanya kazi, kwa hiyo unaomba bakuli jingine. Uji na maziwa mgando yana tabia hiyo hiyo.

Tumia kijiko cha chai. Kishike kijiko cha kwanza mdomoni mpaka upate ladha ya ndizi mbali na ya nyama. Vipande vya nyama vya chini usivimeze na mchuzi, vitafune peke yake. Ukipewa kwenye kikombe, kiweke chini kila baada ya mafunda mawili.

Machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama bila kupondwa, hayana shida hiyo. Ndizi ipo nzima, inataka meno, na kasi inapungua yenyewe. Ukitaka kuanza kujifunza kituo cha katikati, anza na hayo.

## Hatua ya 6: Kula na watu

Usifike hapa kabla ya wiki ya tatu. Kula kwetu ni kula pamoja, na mtu anayekula kimya, macho chini, akiwa amezungukwa na ndugu, hajawa mtulivu. Amejitenga. Hatutaki hivyo.

Unapokula na watu, fanya matonge matatu kimyakimya. Yanachukua dakika mbili, hakuna atakayejua. Baada ya hapo sheria ni moja: tonge au neno, si vyote viwili. Unapoongea, mkono upumzike. Unapotafuna, msikilize anayeongea. Mazungumzo yanakuwa ndicho kituo chako cha katikati.

Kwenye sinia la pamoja kasi huamuliwa na mwenye haraka kuliko wote. Kaa mbali naye ukiweza. Kwenye nyama choma, pale Kwa Mrombo au popote, nyama huja imekatwakatwa na mikono yote inakimbilia ubao. Chukua kipande kimoja, chovya kwenye chumvi na pilipili, kimeze kabisa, ndipo urudi. Ndizi choma na kachumbari vikae upande wako, vitakusaidia kupunguza mwendo.

Kazi kubwa ni kuongezewa. Mama mkwe anasimama na upawa, naye kukuongezea ndiyo njia yake ya kusema karibu nyumbani. Kumkatalia kwa mkono juu ya sahani ni kumvunja moyo, nami sikushauri. Omba kidogo mara ya kwanza: "Mama, nianzie hicho kwanza, nitaongeza." Kisha ongeza kweli, upawa mdogo, na umsifu kwa jambo ulilolisikia hasa: "Mama, hii ndizi umeitia maziwa mgando? Naisikia uchachu wake." Mpishi akisikia hivyo anajua chakula chake kimeliwa. Hatakulazimisha cha tatu. Ukibanwa bado, sema, "Nimeshiba mama, ahsante sana, nifungie nile kesho." Chakula cha kufungiwa ni heshima kwenu wote wawili.

Utajua umefanikiwa ukitoka kwenye mlo wa watu wengi ukikumbuka ladha ya chakula na pia mlichozungumza.

## Siku za haraka

Mapumziko ya mchana ni nusu saa na kwa mama ntilie kuna foleni. Kaa, matonge matatu, endelea. Chipsi za kwenye mfuko usile ndani ya bajaji. Subiri ushuke, hata kama ni kukaa kibarazani dakika tano. Siku ikishindikana kabisa, mlo unaofuata ndio mwanzo. Usijinyime kufidia.

## Mambo yanayowakwamisha wengi

"Sipungui uzito." Wengine hupungua, wengine hapana, na ukipima mizani kila asubuhi utakuwa umerudi kwenye kujihukumu. Pima kwa kuvimbiwa: wiki hii mara ngapi, wiki ile mara ngapi?

"Nikisikia ladha nagundua chakula sikipendi." Hii hutokea sana kwa soda na biskuti. Usishangae. Amini ulimi wako.

"Watoto wanakula mbele ya televisheni." Usiwahubirie. Wape zoezi la kubana pua kwa ndizi, kama mchezo. Wataomba kulirudia kwa embe na kwa karanga, na baada ya hapo ni rahisi kuzima televisheni kwa mlo mmoja.

"Sahani ikibaki chakula naona vibaya kukitupa." Hata mimi. Pakua kidogo, ongeza ukihitaji, na kinachobaki kwenye sufuria ni kiporo cha asubuhi na chai.

Mwisho wa wiki ya nne, andika tena siku tatu kama mwanzo, kisha linganisha kurasa. Angalia hasa ule mlo uliokuwa ukikupita. Ukiona sasa unaweza kusema ulikuwa na ladha gani, weka daftari kabatini. Litoe tena mwezi wa kwanza kwa siku tatu, ukishashuka kutoka nyumbani Kibosho au Marangu, baada ya mbuzi na ndizi za Desemba.